Ukuta wa Migongo

Kabla ya ule ukuta, ungefika mtaa ule ukauliza nyumba ya mchoraji, ungezungushwa mpaka soli ziishe. "Mchoraji? Hapa? Jaribu mtaa wa pili." Lakini ungeuliza nyumba ya Mwenyekiti, jamani, hata mtoto anayejifunza kutembea angekunyooshea kidole. Panda ngazi mpaka juu, mlango uliomwagikiwa rangi ya kijani kwa chini. Na mtu ni yule yule mmoja! Rangi aliimwaga mchoraji, sifa akazichukua Mwenyekiti, na jambo hilo lilimkera mama wa watu kuliko jino bovu.

Alikuja nchi ile ya ugenini na mume wake, sanduku moja, na brashi zake ndani ya sufuria, maana sanduku lilijaa vitu vya Shangazi. Ndiyo, Shangazi naye alikuja. Dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea tangu hajaota meno, na siku walipohama alisema hawezi kumwacha mwanawe akapotee peke yake. Kama ni kupotea, wapotee wote. Huko walikotoka mama huyu alichora mabango ya maduka na watu walimwita Mchoraji. Huku akapewa kazi ya kupaka ngazi za majumba rangi nyeupe. Ukuta mweupe unaupaka weupe, ukimaliza hakuna anayejua kama ulikuja. Shangazi alimwambia ashukuru, rangi ni rangi.

Aliyemtoa kwenye ngazi ni Kinyozi. Kinyozi alikuwa mgeni kama wao, mtu wa maneno mengi na mkasi mdogo, na alitaka bango la duka lake. Mama akamchorea vichwa vya vijana walionyolewa vizuri, vikapendeza kupita kiasi. Wateja wakaanza kuingia huku wanaonyesha nje: "Ninyoe kama yule wa pembeni." Wapi! Kinyozi hajui! Alijua mtindo mmoja tu, na huo wenyewe akiukosea anasema ni mpya. Ikabidi aende kumwomba mama apunguze uzuri wa bango.

"Dada, umenichorea kinyozi mwingine," alilalamika.

Mama akakataa katakata, Kinyozi ikambidi ajifunze kazi. Mpaka leo anasema alizaliwa na kipaji.

Sasa, mchora mabango hujifunza lugha ya watu haraka, apende asipende, kwa sababu akikosea neno litakaa mlangoni pa mtu mwaka mzima likimcheka. Wageni wenzake walipokuwa bado wanaomba chumvi dukani kwa ishara za mikono, yeye alishaanza kugombana na wenye maduka kwa lugha yao. Basi wakaanza kumwazima. Twende hospitali ukanisemee. Twende shule, mwalimu kaniita. Twende uhamiaji, leo dirisha lina yule mkali. Walipounda chama cha wageni wakatafuta mwenyekiti, ukumbi mzima ukatazama sakafu. Yeye alichelewa kutazama sakafu. Ndivyo alivyochaguliwa.

Foleni ya uhamiaji ndiyo iliyomla miaka. Watu wanajipanga nje toka asubuhi, wamebanana na ukuta, na mbele kuna dirisha moja linalofunguka likijisikia. Mwenyekiti alikuwa na kawaida yake. Aliwapanga watu wake, mwenye mtoto mbele, mgonjwa mbele, anayewahi kazini mbele, halafu yeye anakwenda kusimama mwisho kabisa ili awaone wote na asipotee hata mmoja. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kutulia, alichora. Karatasi zake zilikuwa mifuko ya mikate aliyorudi nayo mume wake, mwoka mikate. Na mtu aliye mwisho wa foleni anachora nini? Migongo, tena migongo mitupu. Mumewe akifungua mfuko anakuta visogo na mabega.

"Hivi watu wako hawana nyuso?"

"Wanazo. Wamezipeleka dirishani."

Wanacheka, mifuko inasukumwa chini ya kitanda, yameisha. Hakuna aliyeiita kazi, hata yeye.

Aliyefaidi uenyekiti ni Shangazi. "Mimi ni shangazi wa Mwenyekiti," alimwambia mwuza nyama, akakatiwa penye nyama badala ya mfupa. "Shangazi wa Mwenyekiti hapa," akamwambia fundi wa viatu, viatu vyake vikatangulia. Kijicheo hicho alikipenda kuliko mwenye cheo. Kingine alichojivunia ni mgongo wake. Ukimletea kiti, anakusukumia mwenyewe. "Kiti mpe mgonjwa. Niangalie mimi, nimenyooka kama msichana. Mimi sijainama tangu nizaliwe." Na kweli, ukimwangalia, alikuwa amenyooka.

Sasa siku moja akapita mama mmoja wa ofisi ya sanaa ya mji. Alivaa hereni kubwa, ukipenda unaweza kutundikia taulo, na ndiyo maana hadi kesho anaitwa Bibi Hereni. Akasimama mbele ya duka la Kinyozi, akalitazama bango, akaingia.

"Nani kachora hili?"

"Mwenyekiti," akajibu Kinyozi kwa fahari.

"Sijauliza mwenyekiti. Nimeuliza mchoraji."

Haikuwahi kumjia Kinyozi kwamba kuna tofauti.

Walipokutana, Bibi Hereni hakuzunguka mbuyu. Kile kiwanda cha zamani cha sabuni, kinachotazamana na kituo cha mabasi, mji umekigawa ndani kuwa vyumba vya wasanii. Ukuta wake wa nje ni mrefu na mchafu. "Nichoree watu wa mtaa huu," alisema. "Ukuta ukinikaa moyoni, siku ya uzinduzi nakukabidhi ufunguo wa chumba kimoja. Usiponikaa, ukuta na chumba vinakwenda kwa mwingine. Wapo wengi wanaongoja." Akampeleka akione. Dirisha kubwa, sinki la kuoshea brashi, na mlango. Mlango unaofungwa! Mtu aliyechora maisha yake yote juu ya meza ya kulia, kila saa anaambiwa sogeza tuweke sahani. Mama alishika kitasa akakizungusha, akakizungusha tena, mpaka Bibi Hereni akamwuliza kama kimeharibika.

Na hapo ndipo alipofanya kosa lake. Kwenye mkutano wa chama, badala ya kusema "nimepata kazi ya kuchora ukuta" kisha anyamaze, furaha ilimzidi kimo. Akasimama kama Mwenyekiti, akanyoosha mikono kama Mwenyekiti, akatangaza kama Mwenyekiti: "Na ninyi nyote mtakuwemo!"

Makofi! Vigelegele! Ahadi ni deni, lakini nani anakumbuka methali wakati anapigiwa makofi?

Kesho yake asubuhi alipofika ukutani alikuta watu wamevaa nguo za harusini. Fundi Cherehani, mama mpana mwenye roho nzuri anayewashonea wote, akamvuta pembeni. "Mdogo wangu, mimi nichore kabla ya mtoto wa pili. Sisemi udanganye. Kumbuka tu nilivyokuwa." Mzee Koti, aliyevaa koti moja jua liwake mvua inyeshe, akaomba achorwe bila koti ili dunia ijue ana shati. Akachorwa. Akarudi siku ya pili, amenuna. "Huyo simjui. Nirudishie koti langu." Akarudishiwa. Kinyozi ndiye alikuwa hatari, alikuja na kioo cha dukani. Anatazama kioo, anatazama ukuta.

"Dada, pua hiyo si yangu. Hiyo ni ya baba yangu."

"Pua ya baba yako ndiyo unayotembea nayo."

"Ipunguze hivyo hivyo."

Akaipunguza! Kwa nini? Kwa sababu Mwenyekiti hamnyimi mtu. Kisha ukaja ugomvi wa mstari wa mbele. Kinyozi anasema yeye ni mwanzilishi wa chama. Fundi Cherehani anasema waanzilishi wote walikuja na suruali zimepasuka akazishona yeye. Wengine wakasema wao hawakusafiri kote huko kuja kusimama nyuma ya Kinyozi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: mama akamsogeza huyu, akamnyanyua yule, akafuta, akachora, mpaka mwisho wote walikuwa mbele. Usiniulize aliwezaje. Ukuta mzima ukawa mstari mmoja wa watu wembamba, wenye pua ndogo, wanaoonyesha meno.

Bibi Hereni alikuja kuangalia. Akatembea toka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, hereni zinacheza, yeye hachezi.

"Wana furaha sana," alisema.

"Ahsante."

"Sikukusifu. Hii ni picha ya mkutano. Kila mtu kapewa alichotaka." Akageuka akamtazama usoni. "Mwenyekiti namwona kila kona. Mchoraji yuko wapi?"

Bibi Hereni akamwambia uzinduzi ni Jumamosi ijayo, hausogezwi, na ikibaki hivi hivi atamkabidhi ufunguo mtu mwingine. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma.

Alilia jikoni, huku anaosha brashi kwenye sinki la vyombo. Mumewe alisimama kando na unga bado umemganda kwenye nyusi.

"Si ufute?"

"Nimewaahidi."

"Uliwaahidi watakuwemo. Uliwaahidi watakuwa wazuri?"

Alimrushia kitambaa cha vyombo. Lakini neno lilimwingia.

Keshoye ilikuwa zamu ya Shangazi kwenda uhamiaji, maana kibali chake kilikaribia kwisha. Walipofika, foleni ilishajaa watu wa mtaa wao. Mama akamsogeza Shangazi mbele karibu na ukuta, akamtolea kigoda, kigoda kikakataliwa kwa matusi madogo, naye akarudi mwisho kama kawaida. Akatoa mfuko wa mkate na penseli. Akainua macho.

Mbele yake alisimama mtu mwenye shingo iliyonyolewa upande, mstari umepanda huku umeshuka kule. Kinyozi hajinyoi, na huyu alikuwa amejaribu. Hakuhitaji kuona ile pua. Mbele ya Kinyozi, bega pana lenye sindano iliyosahaulika, uzi mwekundu unaning'inia mgongoni. Fundi Cherehani huyo. Mbele zaidi, koti lililochakaa na kung'aa pale mikanda ya begi ilipolisugua njia nzima ya kuja. Akawahesabu kwa majina mmoja mmoja mpaka dirishani bila kuona uso hata mmoja. Na hata mmoja hakuwa anapanga tabasamu! Mtu hujitengeneza mbele, nyuma hujiacha alivyo.

Kisha akamwona Shangazi. Shangazi alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna anayemwangalia. Akajiegemeza taratibu kwenye ukuta. Mabega yakashuka, kiuno kikapinda, mguu mmoja ukatoka kwenye kiatu kupumzika. Mgongo ule wa msichana ukawa mgongo wa kikongwe. Mama alijisikia kama amefungua mlango bila kubisha hodi. Alitaka kukimbia na kigoda. Akajua akikimbia nacho, Shangazi atanyooka na kumtukana. Akabaki alipo, akachora, na machozi yakaloanisha mfuko wa mkate.

Mchana huo huo alinunua ndoo za rangi nyeupe akaufuta ukuta wote.

Weee! Habari ilifika mtaani kabla ndoo hazijakauka. "Katufuta!" Fundi Cherehani aliacha nguo ya bibi harusi kwenye cherehani. Mzee Koti alisema amefutwa mara mbili katika wiki moja, hata huko alikotoka hakufutwa hivyo. Chama kikaitana kwa dharura kwenye ukumbi wa chini ya jengo, na Mwenyekiti akakaa kwenye kiti chake, mbele yake ile kengele ndogo ya kunyamazishia mikutano. Aliipiga sana siku ile.

"Umetuahidi!" Kinyozi alisimama.

"Nimewaahidi na mtakuwemo."

"Vipi? Wapi? Tuonyeshe kwanza tukubali."

"Hapana," alisema mama.

Neno hilo watu hawakuwahi kulisikia kinywani mwake, walidhani halimo. Akaendelea. "Hospitali nitakwenda nanyi. Uhamiaji nitakwenda nanyi. Mkiniamsha nitaamka. Ila ukutani niacheni. Pale siwezi kumwuliza kila mtu."

Kinyozi alitazama huku na huku, akaona watu wako upande wake, akavimba. "Basi uchague, dada. Kiti au ukuta."

Mshika mbili moja humponyoka, mama alilijua hilo. Alikipenda kile kiti, tusidanganyane. Aliipenda hodi ya asubuhi, alipenda kuwa mtu wa kutegemewa katika nchi ambayo mwanzoni hakuna aliyemhitaji. Akakumbuka kile kitasa. Akanyanyuka, akaishika kengele ulimi wake usilie, akaenda kumwekea Kinyozi mkononi.

"Shika, Mwenyekiti."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha akasimama Shangazi, amevimba kwa hasira.

"Na mimi sasa ni shangazi wa nani?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Shangazi hakuwa anatania. Wiki nzima hakumsemesha mpwa wake. Wamekaa mezani watatu, magoti yanagusana, anamwambia mume: "Mwambie mkeo chumvi imekwisha." Na mume, maskini, anageuka: "Mke wangu, chumvi imekwisha." "Mwambie shangazi yako ipo nyuma ya chai." Mwuza nyama naye alishapata habari, na siku hiyo walikula mfupa.

Mama akatundika turubai mbele ya ukuta, akaingia nyuma yake na mifuko yote ya mikate kutoka chini ya kitanda. Alichora toka kunapambazuka mpaka mwanga unapomkatalia. Mara nyingine mkono ulikwama na akajiuliza kama amechanganyikiwa. Ameacha kiti cha kweli kwa ajili ya chumba ambacho hajapewa. Halafu anachora kisogo kimoja zaidi, anatulia.

Huku nje Kinyozi anaonja uenyekiti. Mtu wa kwanza kumgongea alikuwa na bomba lililopasuka, wa pili mwanawe kameza kifungo. Lugha yenyewe Kinyozi alikuwa anajua ya nywele tu. Hospitalini alimweleza daktari kwamba mtoto apunguzwe pembeni. Ilifika siku alitembea barabarani anamkokota mtu kwenda shuleni na mteja wake anamfuata nyuma, kichwa kimenyolewa nusu, shuka bado shingoni.

Jumamosi ikafika. Mtaa mzima ulikuwepo, wengine kwa hamu na wengine kwa hasira, ila hakuna aliyekosa. Shangazi alikuja kivyake na kusimama mbali. Bibi Hereni alikuwa na kamati yake ya watu wa suti. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya wote, kwenye kituo cha mabasi. Bibi Hereni akavuta kamba, turubai likaanguka.

Foleni. Foleni ndefu ya watu wa kimo cha kweli, miguu yao imekanyaga usawa wa njia ya wapita njia, wote wamewapa watazamaji mgongo. Inaanzia kwenye kona na inakwenda, inakwenda, mpaka mwisho wa ukuta, na inapoishia upo mlango wa chuma wa kiwanda, mlango wa kweli. Aliyekuwa akipita njiani na kikapu chake alionekana kama naye amejiunga.

Watu wakatafuta nyuso, wakazikosa. Mama akajua amekwisha.

"Huyo," alisema Fundi Cherehani polepole, "huyo wa koti... Mzee Koti, si ni wewe!"

"Mimi? Mimi nipo wapi? Sijioni."

"Huyo hapo! Angalia hizo alama za begi!"

"Koti langu halina alama," akasema Mzee Koti, na watu watatu wakamvua koti wamwonyeshe. Akalitazama muda mrefu. "Kumbe," alisema. "Kumbe ndivyo nilivyo nikiondoka."

Basi umati ukalipuka kwa vicheko. Hakuna aliyejiona mwenyewe, ila kila mtu alimwona mwenzake! Nyani haoni kundule, na siku ile mtaa mzima ulikuwa nyani. "Wewe huyu!" "Siyo mimi!" "Ni wewe, mke wako anakucheka!" Fundi Cherehani alipoonyeshwa wa kwake alipapasa begani akaitoa sindano, ile ile, na uzi ule ule mwekundu, akacheka mpaka akakaa chini. Hakuuliza kama amechorwa mnene au mwembamba. Kinyozi peke yake aliapa kwa viapo vyote kwamba shingo ile ya kupanda na kushuka si yake, fundi wa kiwango chake hawezi kutembea hivyo. Watu hawakubishana naye. Walimgeuza tu, wakamsimamisha sambamba na picha, wakapiga makofi.

Kinyozi aliposhika shingo na kukubali, akatafuta pa kutolea hasira. "Haya, umetuumbua wote. Wewe mwenyewe uko wapi? Mbona umejisahau?"

Watu wakageuka wakamwona kule nyuma.

"Sikujisahau," mama alijibu. "Mimi huwa nasimama hapo mlipo."

Wakatazama chini, penye miguu yao. Vicheko vikatulia kidogo. Kila mmoja alikuwa na asubuhi yake ya foleni, na hakuna aliyewahi kugeuka kuona nani yuko mwisho.

Shangazi ndiye aliyeendelea kutembea. Alipita mgongo hadi mgongo mpaka karibu na mlango wa chuma, akasimama.

"Na huyu bibi wa watu ni nani?" aliuliza kwa sauti ya kugomba. "Mbona mmemwacha hivi? Hamkuwa na kiti?"

Mtaa mzima ulikuwa unajua. Fundi Cherehani akatazama viatu vyake, Kinyozi akajikuna shingo. Mama akapita katikati ya watu. Kamati ya watu wa suti aliiweza, lakini hili lilimtisha.

"Ni wewe, Shangazi."

Shangazi alikitazama kiuno kilichopinda na mguu uliotoka kwenye kiatu. Akaweka kiganja ukutani, kisha akakiweka kiunoni kwake.

"Nilikuwa naegemea?"

"Kila mara. Ukidhani hakuna anayeona."

"Na wewe ulikuwa nyuma."

"Nilikuwa nyuma."

"Ungeniambia uko nyuma ningesimama wima!"

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia. Mgongo huo ndio ulionibeba, Shangazi. Ningeunyoosha ningekuwa mwongo."

Midomo ilimcheza Shangazi, kama anatafuta tusi zuri na halipatikani. Akaisogelea picha mpaka pua ikaikaribia.

"Viatu umevipatia," alisema.

Kwa Shangazi hiyo ilikuwa sifa ya kumtosha mtu na vizazi vyake. Mama alilia mbele za watu wala hakujificha.

Bibi Hereni hakuhutubia. Alisimama kwenye mlango wa chuma, akainua ufunguo juu, akauliza kwa sauti: "Mchoraji yuko wapi?" Safari hii lilikuwa swali la kweli, maana umati ulishammeza. Mama, kwa mazoea ya miaka yote, akaanza kusogea pembeni awapishe wengine. Ikalia kengele. Alikuwa Kinyozi, anaipiga utafikiri jengo linaungua.

"Mpisheni! Leo huyu anapita mbele!" Halafu, alipompita karibu, akamnong'oneza, "Dada, nakuomba, hiki kiti nitakurudishia lini? Nimechoka mimi."

"Mkutano ujao. Unyoe shingo kwanza."

Wakampisha. Akatembea kando ya foleni yake yote, akampita kila aliyewahi kumpanga mbele, mpaka mlangoni. Akachukua ufunguo, akautia kwenye tundu, ukakataa kugeuka. Nyuma yake akamsikia askari wa mlango akimzuia mtu.

"Mama, samahani. Huku wanaingia wasanii na watu wao tu. Wewe ni nani?"

"Mimi?" ilisema sauti anayoijua. "Mimi ni shangazi wa mchoraji. Na mniletee kiti, miguu inaniuma."

Ufunguo ukageuka. Askari akaenda kutafuta kiti.